MIKONO KWANZA, DUARA BAADAYE



Wengi wenu mliiona ile duara ya chuma ilipofika shuleni siku ya posho, ikibebwa begani kutoka kwa fundi wa kuchomelea. Ni bomba la chuma lenye unene sawa kidole gumba, na tulipima upana wake toka upande mpaka upande: sentimeta 95. Itafungwa kwa kamba kwenye boriti la sali kubwa. Siku ya sikukuu ya kufunga mwaka wenzetu watapanda ndani yake, watakaa sawa mtu anayekaa dirishani, watajigeuza kichwa chini, na duara itazunguka mbele ya wazazi. Wengine wanaiita serso. Sisi tutasema duara, basi.

Tulifurahi, na tungali tunafurahi. Kila mwaka sikukuu yetu ni kwaya, ni mchezo wa kuigiza, na yale mashindano ya kukimbia ndani ya gunia ambayo hata watoto wa shule ya msingi wameyachoka. Kwa hiyo mtu asiseme kama sisi ni adui wa duara. Tunaandika juu ya namna watu walivyochaguliwa, na juu ya kazi inayopaswa kufanyika mbele ya mtu yeyote kuitia mikono ile duara.

Mambo yalikuwa hivi. Wote waliotaka kushiriki waliitwa nyuma ya bweni la wavulana, pale kwenye chuma kilichofungwa kati ya miti miwili ya kalitusi. Kila mmoja alipaswa kushika chuma, mikono imenyooka, na kujivuta mara tano mpaka kidevu kipite juu. Tulikuwa watu 31. Waliofaulu ni 6, wote wavulana wa klasi za juu. Wale 25 wengine waliambiwa: «Ninyi mtapiga makofi.» Watu wakacheka sana. Msichana mmoja wa klasi ya tatu alibaki ananing'inia pale, miguu inapiga hewa, hapandi wala hashuki, na kicheko kikaongezeka. Alipoachilia, alifuta mikono juu ya sketi akaenda zake. Jioni dada mmoja wa bweni alimwuliza: «Sasa, kesho utarudilia?» Akajibu: «Yaya, miye sina mikono. Mungu alininyima.»

Neno hilo ndilo lililotufanya kuandika. Sisi tunaoandika ni wanne: wawili tulifaulu siku ile, wawili tulishindwa. Wote wanne tunaona kama mtihani ule haukuwa wa haki.

Juu ya nini? Kwa sababu hakuna mtu aliyetufundisha kwanza. Mwalimu wa hesabu haingii mwezi wa kenda, siku ya kwanza, na kuuliza somo la mwezi wa sita, kisha kumwambia aliyeshindwa kwamba hana kichwa. Nguvu ya mikono ni kitu kinachofundishwa sawa hesabu, na mwili ni mwanafunzi asiyekuwa na haraka. Wale sita walitoka wapi na nguvu yao? Watatu wao wanapanda miti ya avoka na miembe toka utoto. Mmoja anasaidia baba yake kuvuta nyavu za sambaza ziwani wakati wa likizo. Walikuwa wamesoma tayari, bila kujua kama wanasoma.

Kuna wanaosema: «Lakini ninyi watoto wa huku mnalima, mnachota maji, nguvu mnayo.» Ni kweli nusu. Kubeba bidoni ya litri 20 kunatia nguvu miguu, kiuno, shingo na mgongo. Jembe linashuka kwa uzito wake, na wewe unalisindikiza. Kazi hizi zinatutaka kubeba na kusukuma na kupiga. Ni mara chache sana katika siku nzima mwili wetu unaombwa kujivuta kwenda juu, mikono ikiwa juu ya kichwa. Mtu anaweza kubeba gunia la makala mpaka sokoni na ashindwe kujivuta hata mara moja. Si uvivu. Ni msuli mwingine.

Twende basi kwenye misuli. Tulipata msaada wa mwalimu wa biolojia, makosa yakibaki ni yetu.

Watu wanafikiri kujivuta ni kazi ya ule msuli wa mbele ya mkono, ule ambao wavulana wanapenda kuuonyesha wakipita karibu na bweni la wasichana. Ule ni msaidizi. Mfanya kazi mkubwa yuko mgongoni: ni msuli mpana unaoanza chini, kwenye uti wa mgongo na nyonga, unapanda pembeni mwa mbavu, na kujishika kwenye mfupa wa mkono karibu na bega. Mwenye kujivuta vizuri anavuta viwiko kwenda chini, kuelekea mbavuni. Mwenye kujivuta vibaya anatoa shingo sawa kobe na kukunja mikono tu.

Bega lenyewe ni kitu cha ajabu. Paja letu linaingia ndani ya shimo la nyonga kwa kina, halitoki ovyo. Lakini kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kisahani kinachokipokea ni kidogo, tena si kirefu. Ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka pande zote, kupita kiungo kingine chochote cha mwili. Na ndiyo maana bega linaponyoka kwa urahisi. Linashikiliwa na misuli minne midogo iliyolizunguka, pamoja na kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa. Ukining'inia umelegea, mabega yamepanda mpaka masikioni, uzito mwingi unaziangukia zile kamba na misuli midogo. Ukivuta mabega chini, mbali na masikio, bila kukunja kiwiko, misuli mikubwa inaingia kazini. Tofauti ni sentimeta chache tu kwa macho, lakini ndani ya bega ni tofauti kubwa.

Hapa tuseme jambo la pili lililotuuma. Mmoja wa wale sita, rafiki yetu, siku mbili baada ya kuchaguliwa alifunga duara kwenye mti, akakimbia, akairukia na kubembea. Alisikia bega likilia. Leo anaandika kwa mkono wa kuume kwa shida, na shati anavalishwa na mwenzake. Alikuwa ameshinda mtihani! Angeweza kujivuta mara tano, hata mara nane. Lakini kujivuta polepole ni kitu kimoja, na kupokea uzito unaoanguka ni kingine. Wa klasi ya tano wanaweza kuhesabu wenyewe: mtu wa kilo 50 akiachiliwa wakati kamba imenyooka na kulala sambamba na udongo, anapopita chini kabisa kamba inabeba uzito sawa wa kilo 150. Mikono yake ndiyo sehemu ya ile kamba. Kwa hiyo ule mtihani uliwafukuza waliotaka kujifunza, na haukuwalinda waliochaguliwa.

Sasa tunataka nini? Tunataka trimestri moja ya kujenga mikono, kwa kila mtu anayependa, mbele ya duara kupandishwa. Na haihitaji feza. Inahitaji chuma cha pili kilicho chini, kwenye usawa wa kiuno cha mtu.

Juu ya chuma hicho cha chini mtu anajilaza, kifua kinaangalia chuma, visigino viko juu ya udongo, mwili umenyooka sawa ubao. Anavuta kifua kikutane na chuma. Kwa sababu miguu inabeba sehemu ya uzito, hata yule aliyeshindwa kabisa kule juu anaweza hapa. Ikimwia nzito bado, akunje magoti. Ikimwia rahisi, ainue visigino juu ya benchi. Hivi ndivyo mzigo unavyopimwa kwa mtu, badala ya mtu kupimwa kwa mzigo. Wagiriki wa zamani walikuwa na hadithi ya Milo, mtu wa mji wa Kroton aliyeshinda mieleka mara sita kule Olimpia. Inasimuliwa kwamba alibeba ndama kila siku, ndama akakua, na Milo akakua naye kwa nguvu mpaka akabeba ng'ombe mzima. Kama ni kweli ama ni ya kutunga, mafundisho yake yanakubaliwa mpaka leo na wote wanaofundisha michezo: ongeza kidogo, ongeza kila juma.

Kwenye chuma cha juu, juma la kwanza mtu asijivute hata kidogo. Aning'inie tu, avute mabega chini kama tulivyosema, ahesabu mpaka 10, ashuke. Arudilie mara tano. Watu watacheka tena, watasema hiyo ni mchezo wa watoto. Wajaribu wao wenyewe mpaka 30. Sisi tulijaribu, na tukaona jambo ambalo hatukulitazamia: yule msichana wa klasi ya tatu, tuliyembembeleza arudi, aling'ang'ania chuma muda mrefu kupita wawili kati ya wale sita! Vidole vyake vimezoea mkono wa bidoni. Misuli inayofunga vidole haiko ndani ya vidole, iko huku kwenye mkono, karibu na kiwiko, na yake ilikuwa imefanya kazi miaka mingi njiani kwenda chemchemi. Kwa kupanda ndani ya duara, na kuzunguka nayo kichwa chini, vidole visivyoachilia ni kitu cha kwanza. Mtihani wa kidevu haukuuliza habari za vidole.

Kisha inakuja kazi ambayo sisi tunaipenda kupita zote: kushuka. Unapanda juu ya benchi, unaweka kidevu juu ya chuma kwa msaada wa miguu, unaondoa miguu, na unashuka polepole, ukihesabu mpaka tano. Msuli una nguvu zaidi unapoachilia mzigo pole kuliko unapoupandisha. Kwa hiyo asiyeweza kupanda anaweza kushuka, na kwa kushuka anajifunza kupanda. Mara tatu ama nne zinatosha mwanzoni. Kesho yake, na hasa kesho kutwa, mikono na mgongo vitauma wakati wa kuinua kalamu. Maumivu hayo ya msuli yanapita yenyewe. Lakini maumivu ya ndani ya kiungo, kwenye bega ama kiwiko, yenye kuchoma sawa sindano, ni neno lingine: hapo ni kusimama na kumwambia mwalimu, si kujionyesha mwanaume.

Tusisahau tumbo. Kuingia ndani ya duara ni kuning'inia, kuinua magoti mpaka kifuani, na kupitisha miguu kati ya mikono mpaka ishike chuma kwa nyuma ya magoti. Mwenye mikono bila tumbo atabaki chini anapiga mateke. Kwa hiyo magoti juu, pole, bila kubembea, hata kama ni mara mbili tu. Na pompi? Wavulana wengi wanajua pompi tu, na wanazipiga 40 usiku mbele ya kulala. Ni nzuri kwa kifua na kwa kusukuma, na zinasaidia bega likae sawa pande zote mbili. Lakini pompi 40 hazitamvuta mtu juu hata mara moja.

Ni mara ngapi kwa juma? Siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, dakika 20 mbele ya masomo ya jioni. Siku zilizo katikati ni za kupumzika, kwa kuwa msuli unajijenga wakati wa kupumzika na kula. Mchezaji wa kila siku anabomoa ukuta ambao simenti yake haijakauka. Kuna kitu kingine cha kujua hapa, na kinadanganya wengi. Katika majuma ya kwanza nguvu inapanda haraka hata kama mkono haujanenepa, kwa sababu neva zinajifunza kuita nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja. Mtu anafurahi, anajiona Samsoni, anaanza kujirusha. Lakini zile kamba za bega zinapata damu kidogo na zinakua polepole, miezi nyuma ya msuli. Wengi wanaumia hapo, katika mwezi wa pili, wakati wanajisikia wazima kabisa. Ndiyo maana tunasema trimestri, hatusemi majuma mawili.

Juu ya chakula hatutasema mengi, maana tunajua kantini yetu. Maharagi tuko nayo. Siku za sambaza zingekuwa mbili kwa juma badala ya moja, misuli ingeshukuru. Mwenye kupata karanga ama soja nyumbani alete.

Na wasichana? Kuna walimu waliosema kama duara ni ya wavulana, kwamba mwanamke hana mikono ya namna hiyo. Ni kweli kwamba, kwa kawaida, mikono na mabega ya mwanamke yana nguvu kidogo kuliko ya mwanaume, na tofauti huko juu ni kubwa kuliko miguuni. Hakuna haja ya kuficha. Lakini msuli wa msichana unajibu mazoezi sawasawa na wa mvulana. Msichana ataanzia chini zaidi kwenye ngazi, ngazi ni ileile. Nao walio wepesi wana kilo chache za kuvuta.

Tulisoma habari za mwanamke mmoja, Lillian Leitzel, aliyezaliwa mwaka 1892 na aliyefanya kazi ya sarakasi kubwa kule Marekani. Alikuwa mfupi, hakufika hata mita moja na nusu. Kazi yake ilikuwa kwenye kamba na pete, juu kabisa, bila wavu chini. Kwa mkono mmoja alijirusha mwili mzima ukapinduka juu ya bega lake, na kurudilia hivyo hata kupita mara 100, watu wakihesabu kwa sauti. Basi, mwanamke hana mikono? Lakini tusichukue upande mzuri tu wa habari yake. Bega lile liliteseka: inasimuliwa kwamba kila mara alipopinduka lilitoka kidogo na kurudi mahali pake. Na katika mwezi wa pili wa mwaka 1931, kule Copenhagen, nchi ya Denmark, alianguka. Mkono wake haukushindwa. Kilichovunjika ni kipande cha chuma kilichoshika pete, kilichochoka kwa kuzungushwa miaka. Alikufa siku mbili baadaye.

Kwa hiyo tunageuka sasa kwenye duara yenyewe, na hapa tunawaomba walimu watusikilize vizuri. Duara yetu ilichomelewa na fundi wa milango. Ni fundi mzuri, milango yake inafunga. Lakini mlango hauning'inizi mtoto wa watu. Mahali pa kuchomelea paangaliwe na mtu wa pili. Duara ifungwe chini kwanza, mita moja tu toka udongo, na itundikwe magunia ya mchanga ya kilo 150, ibembezwe hivyo, siku nzima kama inawezekana. Kamba ya nailoni ya kuanikia nguo, ile tuliyoiona imewekwa pamoja nayo, irudi kwenye nguo. Boriti la sali liangaliwe kama mchwa haujalitembelea. Na chini pawe magodoro ya bweni, si majani makavu. Jules Léotard, Mfaransa aliyeonyesha watu wa Paris trapezi ya kuruka mwaka 1859, alikuwa amejizoeza kwanza juu ya maji ya kuogelea katika nyumba ya mazoezi ya baba yake, kule Toulouse. Alijua kama ataanguka. Sisi hatuna maji ndani ya sali, tuko na magodoro.

Neno moja dogo kwa wanaoiba chaki za darasani kusudi wakaushe mikono: unga ambao wachezaji wanapaka ni wa magnezi, si chaki ya ubao. Chaki zetu hazifanyi kazi ileile, tena mwalimu wa jiografia anabaki anaandika kwa kipande sawa punje ya hindi. Fuateni kitambaa kikavu. Na ngozi ya kiganja ikipasuka, ni kupumzika mpaka ifunge.

Tunajua jibu litakuwa: wakati ni mfupi, sikukuu ni mwezi wa sita. Hesabu inatupatia majuma 13 toka juma lijalo. Majuma 10 ya mikono, majuma matatu ya duara ikiwa chini. Siku ya sikukuu hatutaona maajabu. Labda wenzetu watapanda, watakaa, watajigeuza mara moja, watashuka. Sisi tunaona hiyo inatosha kwa mwaka wa kwanza, na wazazi hawatajua kama kulikuwa na kingine. Na kuchagua kufanyike mwisho wa yale majuma 10, kwa kuangalia kila mtu alianzia wapi na amefika wapi, na kama mabega yake yanashuka anaponing'inia. Aliyetoka sifuri mpaka mbili amefanya kazi kubwa kuliko aliyekuja na nane na kubaki na nane.

Yule msichana wa klasi ya tatu alituambia atakuja kama kuna chuma cha chini, na kama hakuna watu wa kucheka. La pili ni kazi yetu sote. Juu ya la kwanza, tumeomba ruhusa kwa Prefe tufunge chuma hicho siku ya kazi ya mikono, siku ya posho ijayo. Kipande cha bomba tumekipata, kilibaki kwenye matengenezo ya choo. Miti miwili tutakata kwenye kalitusi za shule, akikubali. Mwenye shoka alilete.